Picasso, njiwa wa babake na bundi wa lino

Jina la Pablo Picasso limekwisha kuwa kama msemo. Mtoto wa shule akichora mtu mwenye macho mawili upande mmoja wa uso, wenzake humcheka na kumwita Picasso, hata kama hakuna mmoja wao aliyepata kuona picha ya mzee huyo. Wengine wanamjua kwa ajili ya Guernica, na wengine kwa sababu ya mamilioni ambayo matajiri huyatoa minadani kununua kazi zake. Mimi leo nataka kumsimulia kwa njia ya ndege. Mtu huyu alichora ndege tangu utotoni hadi uzeeni, na alipokaribia umri wa miaka themanini alimchonga bundi katika kipande cha lino, kwa namna ambayo ninaona inatuonyesha tabia yake kuliko kazi zake nyingi zenye sifa kubwa zaidi.

Alizaliwa Málaga, mji wa bandari kusini mwa Uhispania, tarehe 25 Oktoba 1881. Babake, José Ruiz Blasco, alikuwa mwalimu wa kuchora na pia mtunzaji wa jumba la makumbusho la mji. Kipato chake hakikuwa kikubwa. Alipopata nafasi alichora njiwa: njiwa juu ya matawi, njiwa bandani, njiwa wawili wawili wakitazamana. Waliofuata hawakumhesabu miongoni mwa wachoraji wakubwa, nami sina ugomvi nao. Lakini alikuwa na subira ya fundi, na subira hiyo aliitumia kumfundisha mwanawe.

Kuna hadithi inayosimuliwa kila mara. Inasemekana mzee huyo, macho yake yalipoanza kupungua nguvu, alikuwa akikata miguu ya njiwa aliyekufa, akaibana ubaoni kwa pini, na kumwamuru kijana aichore mpaka aipatie. Siku moja alimwachia picha amalizie miguu. Aliporudi akakuta miguu imekaa vizuri kupita alivyoweza yeye, basi akamkabidhi kijana brashi na rangi zake zote, akaapa kutochora tena. Ni hadithi tamu, ila ina chumvi ndani yake, kwa maana wachunguzi wa maisha yake wameonyesha kwamba mzee aliendelea kuchora miaka mingi baadaye. Mimi naichukua ile sehemu ya kwanza tu, yaani kijana ameketi mbele ya miguu ya njiwa, akiirudia na kuirudia.

Mwaka wa 1891 jamaa hiyo ilihamia La Coruña, upande wa kaskazini-magharibi, na huko msiba ukawakuta. Dada mdogo wa Pablo, Conchita, alifariki dunia kwa ugonjwa wa dondakoo Januari 1895. Katika mwaka huo huo walihamia Barcelona, na kijana akaingia shule ya sanaa kabla hajatimiza miaka kumi na minne. Polepole akaacha kutumia jina la Ruiz, la babake, akashika lile la mamake, María Picasso. Mwaka wa 1900 alifika Paris kwa mara ya kwanza, na mwaka wa 1904 akahamia huko moja kwa moja. Miongoni mwa picha za siku zake za ufukara iko moja ya 1901, ya mtoto mdogo aliyemkumbatia njiwa kifuani. Njiwa wa babake walikuwa wamemfuata hata ugenini.

Siwezi kupita mwaka wa 1907 bila kusema neno. Mwaka huo, alipokuwa akishughulika na picha yake ya wanawake watano iitwayo Les Demoiselles d'Avignon, Picasso aliingia katika jumba la makumbusho la Trocadéro, Paris, akaona vinyago vilivyotoka Afrika na kwingineko vimepangwa humo katika vumbi. Alitoka amebadilika, na nyuso mbili katika picha ile zinaonyesha wazi alichokiona. Watu wote wanajua jina la Picasso. Mafundi waliochonga vinyago vile hawakuandikwa popote, na waliovibeba hawakujali kuuliza. Namwomba msomaji alishike jambo hili la mikono isiyotajwa, maana nitalirudia.

Miaka iliyofuata nitaipita upesi, kwani imesimuliwa sana. Pamoja na rafiki yake Georges Braque alianzisha ule mtindo wa kuvunjavunja umbo na kulionyesha kwa pande nyingi kwa mara moja. Akapata sifa na mali. Tarehe 26 Aprili 1937 ndege za Kijerumani na za Kiitalia, zikimsaidia Jenerali Franco, ziliushambulia kwa mabomu mji wa Guernica katika nchi ya Wabaski, na Picasso akachora picha ile kubwa ya nyeusi, nyeupe na kijivu, yenye upana wa karibu mita nane, ambayo iliwekwa katika maonyesho ya Paris mwaka huo huo. Ukiitazama vizuri, kati ya fahali na farasi yuko ndege, kinywa wazi, amekaribia kumezwa na giza. Wengi hawamwoni mpaka waonyeshwe.

Njiwa aliyemfanya ajulikane hata na watu wasiojali sanaa alikuja baada ya vita. Mchoraji mwenzake, Henri Matisse, ambaye alipenda sana kufuga ndege, alimpa njiwa wa aina ya Milano, weupe, wenye manyoya mpaka miguuni. Januari 1949, katika kiwanda cha kupiga chapa cha Mourlot mjini Paris, Picasso alimchora mmoja wao kwa wino juu ya bamba la zinki. Akatokea njiwa mweupe juu ya weusi mtupu, laini hata unadhani ukipuliza manyoya yatatikisika. Picasso alikuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti cha Ufaransa tangu 1944, na mshairi Louis Aragon, mwanachama mwenziwe, alikuja kutafuta picha ya tangazo la mkutano mkuu wa amani uliokuwa ufanyike Paris Aprili mwaka huo. Akamchagua njiwa. Mabango yakabandikwa kila mahali, na binti wa Picasso aliyezaliwa katika siku hizo hizo, tarehe 19 Aprili 1949, akapewa jina la Paloma, ambalo kwa Kihispania ndilo njiwa.

Mwenyewe, inasimuliwa, alikuwa akicheka. Alikuwa amewafuga njiwa maisha yake yote na alijua wanavyodonoana bila huruma. Kuwafanya alama ya amani lilikuwa wazo la wengine. Lakini hakukataa.

Sasa tumfikie bundi. Mwaka wa 1946 Picasso alikuwa akifanya kazi katika ngome ya zamani ya Antibes, pwani ya kusini ya Ufaransa, naye aliletewa bundi mdogo aliyeumia ukucha. Yeye na Françoise Gilot, mchoraji kijana aliyekuwa akiishi naye, walimfunga bandeji, wakamtibu, na walipoondoka wakamchukua mpaka Paris. Kwetu sisi jambo hilo lingezua maneno. Bundi akilia juu ya paa, wazee hukosa usingizi. Nani atakayemfungulia mlango na kumlisha panya jikoni? Lakini kwa Wayunani wa kale, ambao ndio walioujenga mji wa Antibes, bundi alikuwa ndege wa mungu wao wa kike wa hekima. Bundi huyo, kwa habari tulizo nazo, hakuzoeana na mtu. Alinuka, alikodoa macho, na alimdonoa aliyemsogelea. Picasso alimpenda kwa hayo hayo. Picha zake wakiwa pamoja zinaonyesha macho ya aina moja, ya mviringo, yasiyopepesa. Akamchora, akamfinyanga katika vyombo vya udongo, na miaka kumi na mitatu baadaye akamtia katika lino.

Lino ni nini? Ni kile kitandiko cha sakafu kilichobuniwa Uingereza katika karne ya kumi na tisa: mafuta ya kitani yaliyoganda, yakachanganywa na unga wa gome la mti liitwalo koki na kushikiliwa juu ya kitambaa cha juti. Hakina nyuzi kama ubao, kwa hiyo patasi hupita popote unapotaka, na ukikipasha moto kidogo huchongeka kama siagi ngumu. Unachonga mahali usipotaka wino, unapaka wino kwa rola mahali palipobaki juu, unalaza karatasi, unagandamiza. Waliochonga viazi shuleni wanaijua kazi hii. Kwa sababu ya urahisi huo wengi waliidharau, wakaiona kazi ya watoto.

Picasso aliikuta Vallauris, mji wa wafinyanzi karibu na Cannes, ambako alihamia mwaka wa 1948 kwa ajili ya vyombo vya udongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mji ulihitaji mabango ya maonyesho ya vyombo na ya michezo ya fahali. Mpiga chapa wa hapo alikuwa kijana aitwaye Hidalgo Arnéra, mwenye duka lake dogo la kazi za kawaida za mji. Picasso akachonga lino, Arnéra akachapa. Baadaye, Picasso alipohamia katika jumba la La Californie mjini Cannes mwaka wa 1955, mafundi wake wa zamani wa chapa walikuwa Paris, mbali mno. Arnéra alikuwa jirani, kilomita chache tu.

Mwaka wa 1958, akiwa na miaka sabini na sita, aliletewa kadi ya posta yenye picha ya mwanamke iliyochorwa na Cranach Mdogo katika karne ya kumi na sita, naye akaamua kuifanya chapa ya lino ya rangi nyingi. Akafuata desturi: kila rangi na kipande chake. Ukiwa na rangi tano unachonga vipande vitano, na kila kimoja lazima kikae pale pale palipokaa mwenzake, kisizidi wala kisipungue. Ni kazi ya kupima na kupima tena, na matokeo yake ni mazuri ajabu. Lakini ilimchosha. Hakuwa mtu wa kupima. Basi mwaka uliofuata akashika njia nyingine, ambayo wapiga chapa huiita njia ya kupunguza, na wengine kwa mzaha huiita chapa ya kujiua. Sisemi kwamba yeye ndiye aliyeibuni. Lililo hakika ni kwamba kabla yake hakuna mchoraji mwenye jina kubwa aliyeifanya kazi yake kuu kwa miaka kadhaa.

Ili msomaji aielewe, nitaeleza nilivyoifanya mimi mwenyewe, maana nimewahi kuchonga chapa ya mnana, yule ndege wa manjano anayening'iniza viota vyake kwa makelele mengi juu ya mito na vidimbwi. Kipande cha lino ni kimoja tu, nacho hutosha rangi zote. Unaanza na rangi nyepesi na kumalizia na nzito. Kwanza nilichonga na kuondoa kila mahali palipotakiwa kubaki peupe kama karatasi, yaani anga lililomzunguka. Nikapaka wino wa manjano, nikachapa karatasi zote nilizozitaka. Nikapata mnana wa manjano tupu kama kivuli cha jua, hana jicho wala bawa.

Kisha nikaosha kile kipande, nikachonga tena, safari hii nikiondoa kila mahali palipotakiwa kubaki manjano: kifua, kichogo, kingo za manyoya ya bawa. Kilichosalia nikakipaka rangi ya kahawia, nikachapa juu ya karatasi zile zile. Bawa likajitokeza, na tawi, na kile kiota. Nikaosha mara ya pili, nikaondoa palipotakiwa kubaki kahawia. Sasa lino ilikuwa imekwisha karibu yote. Yalibaki mabaki machache yaliyosimama kama visiwa: uso, mdomo, kucha, mistari ya ukindu. Nikayapaka nyeusi. Karatasi ilipobanduka, ndege alinitazama.

Wino wa kwanza lazima ukauke kabla ya wa pili, na karatasi lazima iangukie mahali pale pale kila mara, kwa hiyo mtu huweka pembe za mbao au pini za kuielekeza. Hayo ni mambo ya ufundi na yanafunzika. Jambo zito ni jingine. Ukishaondoa sehemu za manjano, huwezi tena kuchapa manjano. Ukitaka nakala hamsini, ni lazima uzianze zote siku ya kwanza, pamoja na za ziada kwa ajili ya zitakazoharibika, kwa sababu kesho hakutakuwa na kitu cha kuchapia rangi ya jana. Mwishowe unabaki na chapa zako mkononi na kipande cha lino kilichoguguliwa, ambacho peke yake hakiwezi kuizaa picha tena. Mchoraji wa rangi za mafuta akikosea hufuta na kupaka juu. Huku hakuna kufuta. Na wakati unachonga hatua ya kwanza, hatua ya mwisho lazima uwe umekwisha kuiona kichwani, tena kinyumenyume, kwani chapa hugeuza kulia kuwa kushoto.

Hilo ndilo alilolichagua mzee wa miaka sabini na saba ambaye angeweza kuketi na kuhesabu fedha zake. Chapa nyingi za mwaka wa 1959 zimo katika rangi za krimu, kahawia na nyeusi: fahali, wapiga mkuki juu ya farasi, watu wanaocheza ngoma uchi katika milima wakipuliza filimbi. Na katika baadhi ya ngoma hizo yumo bundi wetu. Iko moja ya ngoma ya usiku pamoja na bundi, na nyingine ya karamu ya walevi ambamo bundi yumo tena. Watu wanarukaruka, mikono hewani, wasijali lolote. Ndege ni shahidi wao. Kwa jinsi kazi ilivyofanywa, mwanga wa ngozi za wachezaji ni rangi ya kwanza, iliyochapwa wakati hakuna umbo hata moja lililokuwa limekamilika, na giza la usiku lilikuja mwisho, likaonyesha kilichokuwapo. Wakati wa kuchonga, mwenye kazi hawezi kuona hayo. Ni lazima ayaamini.

Utaratibu wao ulikuwa hivi. Picasso alichonga usiku, mpaka saa za mwisho za giza. Asubuhi yeye akilala, kipande kilipelekwa Vallauris. Arnéra alikipaka wino, akajaribu rangi, akachapa, na yapata saa saba na nusu mchana karatasi zilikuwa zimefika mbele ya mzee, ambaye alizitazama, akasema lake, na usiku akashika patasi tena. Haraka ya namna hiyo haikuwezekana na Paris. Lakini itazame kwa upande wa Arnéra. Kwa kazi hii kila kosa la mpiga chapa lilikuwa halina dawa. Kama angeiweka karatasi upande kwa upana wa ukucha, au angechanganya kahawia vibaya, hakuna namna ya kurudi, maana usiku uliofuata mzee angeondoa sehemu ile milele. Kwa kawaida nakala hamsini zilihesabiwa na kutiwa sahihi ya penseli. Sahihi ni ya Picasso peke yake. Rangi zilikaa mahali pake kwa mkono wa Arnéra, siku baada ya siku, miaka kadhaa, na ndiyo sababu nimelitaja jina lake mara nyingi katika makala haya. Huyu angalau tunalo jina lake. Wale wa Trocadéro hatunalo.

Je, kwa nini mzee huyu alipenda kazi isiyorudi nyuma? Wengine watasema ni haraka ya uzee, nami sikatai. Lakini ninaona ndivyo alivyoishi tangu ujanani, na si wote waliofaidika. Alikuwa mtu wa kukata na kuendelea. Alibadilisha mtindo pale watu walipoanza kuupenda. Alibadilisha nyumba, akaziacha zimejaa picha na kufunga mlango. Wanawake aliokaa nao aliwachora wakati wa mapenzi kwa rangi za asubuhi, na wakati wa kuwachoka kwa meno na kucha. Françoise Gilot ndiye aliyeondoka kwa miguu yake mwenyewe, mwaka wa 1953, akiwa na watoto wawili, Claude na Paloma. Alipochapisha kitabu juu ya maisha yao mwaka wa 1964, Picasso alijaribu kukizuia mahakamani, akashindwa, na baada ya hapo hakutaka tena kuwaona watoto. Yule binti aliyeitwa njiwa alikuwa na miaka kumi na mitano. Sioni namna ya kulipamba jambo hilo, na sijaribu.

Hata hivyo, La Californie palikuwa na banda la njiwa kwenye roshani. Septemba 1957, alipokuwa akihangaika na picha nyingi alizozitoa katika kazi maarufu ya Velázquez, alipumzika kwa kuchora njiwa zake mfululizo, bahari na mitende nyuma yao. Picha hizo zilifika Barcelona kama zawadi yake mwaka wa 1968, katika mji ambao babake alifundisha na kufia mwaka wa 1913. Mtu aweza kujiuliza alikuwa akiongea na nani alipozichora.

Mwaka wa 1961 alimwoa Jacqueline Roque huko Vallauris, wakahamia Mougins, na kazi ya lino ikafika kileleni mwaka uliofuata. Iko moja ya 1962 ya bilauri na matunda chini ya taa ya umeme. Rangi ni nne: manjano, nyekundu, kijani na nyeusi. Zote zilitoka katika kipande kimoja. Anayejua kazi hii akiiona hushika kichwa, maana nyekundu imewekwa juu ya manjano, kijani juu ya nyekundu, na bado mwanga wa taa unawaka kama umewashwa sasa hivi.

Halafu hata hiyo ikawa haimtoshi. Mwaka wa 1963 alimtaka Arnéra achape kwa wino mweupe juu ya karatasi nyeupe, yaani chapa isiyoonekana. Akaichukua nyumbani, akaipaka wino mweusi wa Kichina kote, kisha akaiosha kwa maji. Wino wa chapa una mafuta na hukataa maji, basi penye chapa weusi ukateleza, na pasipo chapa ukang'ang'ania. Picha ikatoka majini. Nasikia furaha ya mtoto katika jambo hilo. Lakini katika mwaka huo huo ndugu wawili wa jina la Crommelynck, mafundi wa chapa za mabamba ya shaba, walifungua karakana pale Mougins, naye akarudi kwenye shaba. Lino akaiacha kama alivyoacha mengine. Alikuwa amechonga zaidi ya chapa mia moja.

Alifariki dunia Mougins tarehe 8 Aprili 1973, akiwa na miaka tisini na mmoja, akazikwa Vauvenargues.

Kwa desturi ya njia hii ya kupunguza, hatua za katikati hupotea. Kila moja humezwa na inayofuata. Lakini Arnéra, kwa busara ya fundi, aliweka karatasi za majaribio za kila hatua. Mwaka wa 2014 jumba la makumbusho la British Museum, London, lilipata fungu la karatasi hizo, pamoja na zile za taa na bilauri. Mtu aweza kuzifuata moja baada ya nyingine kuanzia ile ya kwanza, ya manjano, ambayo haina bilauri wala matunda bado, ila nafasi zao tu.